Nati Zenye Mstari

3 Machi

Binti yangu ameniletea daftari la zahanati. Kurasa za mbele zilikuwa na majina ya watoto waliochanjwa, zikang'olewa, zikabaki hizi. "Andika humu, baba. Mama amechoka kukusikia ukinung'unika, na mimi niko kazini." Nimemwambia fundi haandiki, fundi anakaza. Lakini wameshalala wote na mimi ndiye huyu nimeshika kalamu. Mvua imeanza leo saa nane mchana. Bati la karakana linavuja palepale linapovuja kila mwaka, juu ya jiriwa, kile kibanio chetu cha vyuma.

6 Machi

Amepangiwa zahanati ya mlimani, siku mbili kila wiki. Gari halipandi tena tangu barabara ikatike, na wauguzi wenzake wanakwenda kwa miguu, mwendo wa saa tatu kupanda, barafu ya kisanduku cha chanjo inayeyuka kabla mtoto wa kwanza hajalia. Leo asubuhi kaingia karakana, kainua macho kwenye boriti, kanyoosha kidole.

"Ile, baba."

Ile ni baiskeli ya marehemu baba. Ni lile lijibaiskeli la starehe, zito kama kabati, tandiko pana, usukani umepinda kama pembe za ng'ombe, na tangi la bandia katikati ya fremu ili mtu aonekane anaendesha pikipiki. Baba aliipanda kwa kujionyesha tu, tena barabara ya lami. Imening'inia pale miaka saba, kwa sababu ni yangu na ya mdogo wangu, na mimi na mdogo wangu hatusemezani.

"Ile haipandi mlima," nikamwambia.

"Ivueni nguo. Fremu yake ni ngumu kuliko hizi mpya zote. Iwekeeni matairi mapana ya meno, usukani wa pikipiki, gia kubwa nyuma. Nimeona watu wanashuka nazo milima ya mawe."

Alisema "ivueni". Wawili. Nililisikia vizuri, nikajitia hamnazo.

7 Machi

Mvua. Pancha mbili.

8 Machi

Niseme habari ya mdogo wangu, maana daftari halimjui.

Karakana alituachia baba, sote wawili, chumba kimoja na jiriwa moja. Miaka saba iliyopita, mbele ya wateja watano na fundi cherehani wa jirani, mdogo wangu alichukua gurudumu nililotoka kulipanga spoki, akalizungusha kwa kidole, akacheka. "Kaka, hili linacheza muziki." Watu wakaangua kicheko. Gurudumu lilikuwa limepinda kweli, na hilo ndilo sijamsamehe.

Tangu hapo asubuhi ni yangu. Saa saba mchana navaa kofia natoka, saa saba na robo anaingia yeye. Ile robo saa hakuna mtu, na fundi cherehani anasema hata panya wanaiheshimu. Mdogo wangu hana mke. Anaishi chumba cha uani, na mke wangu humpelekea sahani kila jioni. Sijawahi kuizuia ile sahani. Sijawahi kuuliza habari zake pia.

12 Machi

Tumeishusha. Yaani mimi niliishusha jana asubuhi, na nilipoingia leo nikakuta madigadi, keria, kava ya cheni na tangi vimeshatolewa, vimepangwa ukutani kwa ukubwa. Yeye ni mtu wa kupanga. Nimeitazama ile fremu tupu. Baba angelia.

Nami nikang'oa usukani wa pembe za ng'ombe, nikaacha mwingine wa pikipiki juu ya meza. Basi ndiyo mazungumzo yetu hayo.

17 Machi

Kila fundi wa karakana hii ana alama yake. Ni sheria ya baba: ukikaza nati, chovya njiti ya kiberiti kwenye kopo la rangi nyeupe, chora pembeni yake. Mimi mstari, mdogo wangu duara. Nati isiyo na alama haijakazwa, na baiskeli yenye nati isiyo na alama haitoki mlangoni. "Kaza kwanza, chora baadaye," alikuwa akituimbia. Siku hizi nachora zote kwa mkupuo, kisha nakaza zote kwa mkupuo. Mkono wangu una miaka arobaini kazini, haujawahi kusahau.

18 Machi

Goti linauma. Sakafu imelowa.

22 Machi

Binti anapitia karakana mchana siku hizi, zamu ya mdogo wangu. Nyumbani anasimulia: baba mdogo amesema uma wa mbele uchomelewe kipande cha kuushikilia, baba mdogo ametafuta gia ya meno mengi, baba mdogo kafanya, baba mdogo kasema. Mke wangu anamsikiliza na kutabasamu. Mimi natafuna. Nani amepanga lile gurudumu la mbele? Au limejipanga lenyewe?

29 Machi

Mdogo wangu ameijaribu kwenye kilima cha nyuma ya machinjio. Nimeona kwa mbali, nimejificha nyuma ya duka kama mwizi. Alishuka na mbio, breki ameikanyaga, na alipofika chini kitovu cha gurudumu la nyuma kinafuka moshi. Grisi yote imeungua! Nikacheka peke yangu.

Breki yenyewe iko ndani ya kitovu. Ukikanyaga pedali kinyumenyume, inashika. Mjini inatosha, lakini mlimani inapata joto mpaka grisi inachemka. Alimweleza binti kwamba kila akishuka, gurudumu lifunguliwe, lioshwe, lipakwe grisi mpya. Binti akaniuliza kama ni kweli.

"Muulize aliyekwambia," nikasema.

Alinitazama kidogo, akaenda kuosha vyombo.

2 Aprili

Mvua usiku na mchana. Sufuria tatu chini ya bati.

4 Aprili

Mke wangu: "Mzee, mnatengeneza baiskeli moja kama watu wawili waliopanga chumba kimoja. Siku moja mtagongana mlangoni, mtasalimiana kwa bahati mbaya."

Sikucheka. Nimecheka sasa hivi, ninapoandika.

8 Aprili

Leo nilisahau miwani karakana, nikarudi alasiri kuichukua. Nilipofika dirishani nikasikia sauti ya binti yangu ndani.

"Baba mdogo, breki funga wewe. Asifunge baba."

Nikageuka na miwani nikaiacha. Njia nzima mvua ilininyeshea na sikuisikia. Mimi niliyemfundisha kushika spana kabla hajajua kushika kijiko! Sijala. Nimewaambia tumbo.

9 Aprili

Nimeingia nikakuta gurudumu la nyuma limefungwa. Kitovu kile kina mkono mdogo wa chuma unaofungwa kwenye fremu kwa kibano na nati moja. Huo mkono ndio unaoizuia breki isizunguke na gurudumu. Ukiwa huru, unakanyaga hewa. Alikuwa amefunga kibano, amekaza nati, amechora duara lake jeupe, limekaa kama limechorwa kwa bikari. Kazi safi, hakuna pa kutia neno. Ndiyo iliyonichoma zaidi.

Nikachukua spana namba kumi nikailegeza ile nati. Breki ya mwanangu nitaifunga mimi. Nikalifuta duara kwa kitambaa cha petroli, nikachora mstari wangu, mnene kuliko siku zote, alione vizuri atakapoingia. Roho ikatulia. Hapo hapo bati likaachia, maji yakamwagika juu ya jiriwa na juu ya masanduku ya spoki, nikakimbia huku na huku kuhamisha vitu. Nilipomaliza ilikuwa saa saba. Nikavaa kofia nikatoka.

10 Aprili

Imekamilika. Imesimama mlangoni, mbaya kwa sura, miguu minene, haina hata kengele. Binti kaizunguka mara mbili akaipigapiga tandiko. "Punda wangu," akasema. Kesho anapanda nayo.

11 Aprili

Saa kumi jioni wameteremka vijana wawili wa mlimani wamembeba binti yangu kwenye ubao wa mlango.

Alipanda salama, akachanja watoto kumi na tisa. Kwenye kushuka, kona ya pili, alikanyaga breki ikashika kidogo, kisha ikaachia, pedali zikazunguka nyuma bure. Akabana breki ya mkono ya gurudumu la mbele, lakini rimu ilikuwa imejaa tope, haikushika kitu. Akachagua kujitupa upande wa mlima, maana upande wa pili hakuna kitu ila korongo. Mkono wa kulia umevunjika mahali pawili, kifundo chake kimepondeka. Daktari anasema mkono utapona ila hautafumba kama zamani. Ni mkono wa sindano huo. Aliniuliza, huku meno yakigongana, kama nimekula.

Usiku wakaileta baiskeli. Uani palijaa watu na taa. Mkono wa breki umepinda umegeuka nyuma, kibano kinaning'inia kwa boliti tupu, nati hakuna. Fundi cherehani akaangaza tochi, akauliza kwa sauti ya watu wote:

"Gurudumu la nyuma kazi ya nani?"

Mdogo wangu alikuwa amechuchumaa mbele yake. Kidole gumba chake kilikuwa juu ya fremu, pembeni ya kibano, amekikandamiza pale. Akasema, "Yangu."

Mke wangu alimtazama, akaingia ndani, akafunga mlango.

12 Aprili

Nimesoma nilichoandika tarehe tisa. Nimesoma tena kwa kufuata kwa kidole kama mtoto wa shule. Nimelegeza. Nimefuta. Nimechora. Nimehamisha masanduku ya spoki. Nimevaa kofia.

Hakuna neno "nimekaza".

Nimetafuta kichwani kama nilirudi, kama labda nilikaza nikasahau kuandika. Mkono unajua, na mkono unasema hapana. Niliiacha nati ya breki ya mwanangu imeshikwa kwa vidole tu, tena baada ya kuikuta imekazwa na mtu anayejua kazi. Kupanda mlima iliendelea kufunguka taratibu, na kupanda hakuna anayehitaji breki.

13 Aprili

Sahani ya jioni haikwenda uani. Mke wangu ameiosha ikiwa safi, akaipanga kabatini. Nilikuwa na mdomo, sikuutumia.

14 Aprili

Sijasema.

15 Aprili

Fundi cherehani ananipa pole. Anasema damu si maji lakini kuna damu nyingine bora maji. Nimemshukuru. Ndiyo, nimemshukuru.

17 Aprili

Mvua. Sijasema.

21 Aprili

Wateja wawili wameuliza mlangoni, "Ni zamu ya nani?" Waliposikia ni yangu wakaingia. Mchana karakana haina mtu ila yeye. Nimepita mara moja nikamwona amekaa anasuuza cheni ambayo haina mwenyewe.

Miaka saba nilitamani watu wamwone si fundi. Sasa wamemwona. Nilidhani itakuwa tamu.

26 Aprili

Binti anajifunza kuchoma sindano kwa mkono wa kushoto. Anatumia chungwa. Leo amelichoma mpaka limevuja lote juu ya kitambaa cha meza, akaliweka chini akaangalia dirishani muda mrefu. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu. Nikamwuliza kama anataka jingine.

"Sitaki chungwa, baba," alisema.

Nilisubiri aseme anataka nini.

30 Aprili

Hasira hasara, kila mtu anajua kuimba. Hakuna anayekwambia kwamba hasara yenyewe anaweza kuilipa mwingine, wewe ukaendelea kula.

2 Mei

Leo saa saba sikuvaa kofia.

Ilifika saa saba na robo, akaingia, akanikuta. Alisimama mlangoni maji yakimchuruzika kwenye mabega. Kumbe amezeeka, nywele za juu ya masikio zimekuwa nyeupe zote. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yakatoka mawili.

"Kwa nini?"

Sauti yake sikuikumbuka hivyo.

"Ulitaka nisemeje, kaka? Kwamba umefungua nati yangu ukaiacha?"

"Ulijua."

"Mstari wako ulikuwa palepale, mnene kama mkia wa panya. Niliuziba kwa kidole, asubuhi nikaufuta." Akavua koti akalitundika kwenye msumari wake, maana kila mtu ana msumari wake. "Miaka saba napita nyuma yako nikijaribu nati zako. Ulikuwa hujui? Kila siku nikiingia, kitu cha kwanza. Nyingi umekaza, moja moja unasahau. Nakaza, nafunga domo langu."

Nilikaa juu ya sanduku la spoki.

"Na siku ile?"

"Siku ile niliingia nikaona umefuta duara langu. Roho ikanikwaruza. Nikasema, haya, si anajua? Na iwe yake." Akaanza kupanga spana ambazo zilikuwa zimepangika. "Sikuijaribu. Ni nati moja tu, kaka, na niliipita makusudi. Ndiyo maana nikasema ni yangu. Sikudanganya sana."

Nilivaa kofia. Mlangoni akaniita.

"Mimi nimeshabeba langu. Kwa mtoto utakwenda mwenyewe, siendi kukusemea."

3 Mei

Nimemwambia. Alikuwa kibarazani, mkono kwenye plasta, chungwa mapajani. Nilimsomea tarehe tisa kutoka daftari lake mwenyewe, maana kwa mdomo nisingefika mwisho. Nilisoma mpaka kofia.

Mvua ilipiga, ikapungua, ikapiga tena. Halafu akaniuliza:

"Kwa nini uliifungua?"

"Nilikusikia dirishani. Ulimwambia afunge yeye, nisifunge mimi."

"Kwa sababu ya goti lako, baba!" Hajawahi kunipigia kelele maishani. "Kibano kiko chini, sakafu ina maji, na wewe usiku huwezi hata kupanda kitanda. Nilimwambia akufungie usipige goti kwenye maji!"

Mke wangu alitoka mlangoni na mwiko mkononi. Amesikia yote.

Binti akashusha sauti, na hapo ndipo nilipotamani aendelee kupiga kelele.

"Baba mdogo alinipa spana. Alisema kabla sijashuka nijaribu kila nati, na zake pia, hasa zake. Juu pale nilizijaribu. Nikafika kwenye kibano nikaona mstari." Aligeuza chungwa mkononi. "Zenye mstari sikuzigusa hata moja. Nilisema hizi ni za baba."

4 Mei

Sahani imekwenda uani. Mke wangu kaipeleka mwenyewe, amekaa huko karibu saa nzima. Yangu aliiweka mezani ikiwa imefunikwa. Hakuketi.

5 Mei

Nimemwambia fundi cherehani mbele ya wateja wake. Alisimamisha mguu kwenye cherehani, akasema "Aisee", akaendelea kushona. Kufika jioni mtaa mzima unajua. Nilijenga jina miaka arobaini, na limebomoka ndani ya pindo moja la suruali. Nimestahili.

11 Mei

Tunafanya kazi pamoja asubuhi na mchana. Hatuongei sana, ila tunaulizana, "Spana kumi na tatu iko wapi?" Nimemwomba azipitie nati zangu waziwazi, nikiwapo. Amekubali. Leo amekuta moja. Hakucheka, na ningefurahi kama angecheka.

24 Mei

Plasta imetolewa. Vidole vitatu vinafumba, viwili havifiki. Breki ya mkono hawezi kuibana tena kwa nguvu. Nilidhani habari ya baiskeli imekwisha, nikasema afadhali.

"Haijaisha," akasema. "Hivyo breki ya mguu ndiyo nitakayoitegemea. Itengenezeni."

Alisema "itengenezeni". Wawili.

6 Juni

Mvua imekatika siku ya tatu leo. Mkono wa breki tumefua mpya, mdogo wangu ameupinda, mimi nimeutoboa. Kibano kipya. Alinisogezea spana na kopo la rangi bila neno, akasimama nyuma ya mgongo wangu. Nilikaza kwanza. Nilikaza mpaka goti likalia. Kisha nikachora. Yeye akaijaribu kwa spana yake, haikusogea, akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

9 Juni

Barabara imekauka juu, chini bado tope. Amekuja alfajiri amevaa viatu vya kazi, kisanduku mgongoni. Mimi na mdogo wangu tulikuwa mlangoni. Alitusalimia, shikamoo baba, shikamoo baba mdogo, kwa heshima ile ile aliyolelewa nayo. Akachuchumaa mbele ya baiskeli, akatoa spana mfukoni kwa mkono wa kushoto.

Mdogo wangu akamwambia, "Tumezipitia zote, mwanangu. Mimi mwenyewe nimezipitia."

"Najua, baba mdogo."

Akaanza mbele, akaenda nyuma, bila haraka. Nati zenye duara alizipita bila kuzigusa. Zenye mstari alizijaribu moja baada ya nyingine, mimi nikiwa nimesimama pale. Ya kibano aliijaribu mara mbili.

Zote zilikuwa zimekazwa. Akarudisha spana mfukoni, akapanda, akaenda.